Miaka Miwili ya Mtabila Ina Thamani Gani Chuoni?

Kijana anayemaliza mkataba wake wa kujitolea katika kikosi cha 825 KJ Mtabila, wilayani Kasulu, au 824 KJ Kanembwa, katika ardhi iliyokuwa ya Kibondo kabla Kakonko haijawa wilaya, anarudi nyumbani na cheti cha Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Cheti hicho kina uzito akiomba kazi Polisi, Magereza au Uhamiaji. Akikipeleka kwenye chuo anakotaka kusomea stashahada ya ujenzi, kinaingia kwenye faili pamoja na picha za pasipoti, na masomo yake yanaanzia pale pale yanapoanzia kwa aliyemaliza shule mwaka jana. Kama kikosi kilimpitisha kwenye kozi ya ufundi stadi yenye mtihani, ana karatasi ya pili ya kuonyesha. Kama alijifunzia kujenga kwenye ujenzi wenyewe, hana.

Nyanda hizi za juu za Kigoma zimeishi na jambo hili muda mrefu. Mkoloni alizigeuza Kasulu na Kibondo kuwa mahali pa kuokotea vibarua wa mkonge. SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua iliyoundwa na wenye mashamba mwaka 1944, ilibeba wanaume wa huku Buha hadi Tanga na Morogoro wakawe manamba. Wapo waliorudi wakijua mitambo, reli na useremala, na hakuna aliyeliandika hilo popote. Wajukuu wao wanajua mengine, nayo hayajaandikwa.

Nimewaketisha watu wanne kwenye benchi moja mjini Kasulu wabishane: fundi aliyepita Mtabila, sajini mstaafu aliyewahi kufundisha vijana wa JKT, mkufunzi wa kike wa chuo cha ufundi, na mama mhudumu wa afya aliyetoka Kibondo. Wote wanne nimewatunga. Taasisi, sheria na miaka wanayoitaja sikuitunga. Mimi nina upande, na nitakaposhindwa kunyamaza nitaingilia.

FUNDI: Mwalimu, shikamoo. Nina swali moja. Mimi na mtu ambaye hajawahi kushika mwiko tunaingia darasa moja, siku moja, tunafundishwa jinsi ya kulaza tofali. Kwa nini?

MKUFUNZI: Marahaba. Kwa sababu sijui unachokijua, mwanangu. Cheti chako kinaniambia ulikuwa wapi na kwa muda gani. Hakisemi ulifanya nini. Kikosi kimoja kina kijana aliyejenga, mwingine alilima mahindi, mwingine alikesha getini. Wote mmetoka na cheti kilekile.

AFANDE: Hapo unatuonea, Mwalimu. JKT haikuanzishwa tarehe 10 Julai 1963 ili vijana wakapige kwata tu. Ilikuwa shule ya kazi tangu mwanzo, na shirika lake la uzalishaji mali, SUMAJKT, likaja kuifanya kazi hiyo kuwa mali. Umeuona ukuta wa Mirerani? Kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanite, ukazinduliwa tarehe 6 Aprili 2018 baada ya miezi mitatu tu ya ujenzi. Waliojenga ni vijana kama huyu. Sasa mtu aliyesimamisha ukuta ule unamwambia akae darasani afundishwe timazi?

MKUFUNZI: Afande, ukuta huo ni ushahidi wangu mimi. Zawadi waliyotangaziwa wale vijana siku ya uzinduzi ilikuwa ajira kwenye vyombo vya ulinzi. Ni zawadi kubwa, siibezi; imebadilisha nyumba nyingi. Lakini angalia nchi ilivyoulipa ujuzi wa uashi: kwa kumpa mwashi bunduki. Kama pale pale pangekuwa na mtahini anayepita na daftari, huyu anajua msingi, huyu zege, huyu bado, leo wangekuwa na kitu ambacho mwajiri yeyote na chuo chochote kingekisoma.

FUNDI: Kwa hiyo unakubali kwamba tunajua.

MKUFUNZI: Nakubali kwamba baadhi yenu mnajua. Nikuruhusu uruke masomo kwa cheti kile, nimemruhusu na yule wa getini.

Naingilia mapema, kwa sababu msomaji anaweza kudhani Tanzania haina njia yoyote. Njia zipo mbili. Ya kwanza iko chini: urasimishaji wa ujuzi, ambao VETA, mamlaka ya ufundi stadi, iliuanza kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani mwanzoni mwa muongo uliopita, na Ofisi ya Waziri Mkuu ikaja kuugharamia kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi. Fundi wa mtaani anaeleza historia ya kazi yake, anahojiwa, anapewa kazi aifanye mbele ya wataalamu, anazibwa mapengo yake kwa mafunzo mafupi, kisha anapata cheti. Waashi, maseremala, mafundi magari, wapishi na wahudumu wa hoteli wamepita humo. Ya pili iko juu kabisa: Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inamruhusu mtu mzima asiye na alama za kidato cha sita afanye mtihani wa kutambua alichojifunza maishani, na akifaulu aombe kuingia chuo kikuu.

Njia zote mbili ni za heshima. Kasoro ni kwamba zinaishia mlangoni. Zinakuruhusu uingie, halafu unatembea safari nzima kama wengine. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, ziwe za darasani, za maktaba au za mazoezi. Ninachotaka mimi ni kwamba aliyekwisha kuyafanya mazoezi hayo, na akapimwa akaonekana, asitozwe saa zile mara ya pili.

AFANDE: Tatizo la leo ni kwamba mmesahau Musoma. Mwezi Novemba 1974 chama tawala, TANU, kilikaa Musoma kikaamua: hakuna kutoka kidato cha sita kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Nenda JKT kwanza, nenda kazini, kiwanda kikuone, tawi la chama likuandikie barua, ndipo uende Mlimani. Wakati ule jasho lilihesabiwa.

MAMA: Afande, kaka yangu mkubwa alikuwa wa wakati huo. Lilihesabiwa kuwa nini?

AFANDE: Kuwa sifa ya kuingia.

MAMA: Na alipoingia, alipunguziwa mwaka?

AFANDE: Hapana.

MKUFUNZI: Ndiyo maana sipendi kuusikia mfano huo. Musoma ililipima jasho kwa nidhamu na msimamo. Haikumuuliza mtu umejifunza nini kiwandani. Na masharti yenyewe hayakudumu. Yakalegezwa kidogo kidogo, wanawake wakisamehewa kwanza, kwa sababu idadi yao chuoni ilikuwa imeanguka. JKT ya mujibu wa sheria nayo ikasimamishwa mwaka 1994, ikarudi 2013. Ukiifanya huduma yenyewe kuwa alama za shule, siasa ikibadilika na alama zinapotea. Ukipima ujuzi, ujuzi unabaki na mwenyewe.

AFANDE: Marekani wanahesabu huduma ya jeshi.

MKUFUNZI: Wanahesabu mafunzo ya jeshi, Afande. Tangu miaka ya 1940 Baraza la Elimu la kule, American Council on Education, linakaa na mitaala ya jeshi, kozi kwa kozi, linasema kozi hii inastahili krediti fulani kwenye somo fulani. Na bado chuo kina hiari ya kukubali au kukataa. Wapo askari wanaofika chuoni na krediti tele, zikaingizwa kwenye masomo ya hiari tu, wakayarudia yale ya msingi. Wafaransa walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya mwaka 2002 inamruhusu mtu apate hata shahada nzima kwa uzoefu wa kazi. Lakini ni lazima aandike kazi yake kwa kina na asimame mbele ya jopo aitetee.

MAMA: Mnakwenda Ufaransa wakati jibu liko hapa hapa Kigoma. Nani alikuwa akitupasua uzazi ukigoma?

Hapa Mama amegusa kitu ambacho ningependa kila anayepanga mitaala ya nchi hii akikumbuke. Kuanzia miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa na ngazi ya madaktari wasaidizi. Ofisa tabibu aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa wilayani alirudi chuoni miaka miwili tu, akatoka na ruhusa ya kufanya upasuaji. Hakurudishwa kwenye mwaka wa kwanza wa udaktari, wala hakupewa kisu kwa sababu ya miaka yake kazini. Alifundishwa kile alichokosa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Kati ya waandishi wake alikuwemo Dk. Godfrey Mbaruku, aliyekuwa daktari wa uzazi wa hospitali ya mkoa wa Kigoma miaka ya 1980 na akafanya kazi kubwa ya kupunguza vifo vya wajawazito. Walikuta sehemu kubwa kabisa ya upasuaji wa uzazi inafanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakuwa na tofauti ya maana na ya madaktari wenye shahada. Watu wengi wa Kasulu na Kibondo wako hai kwa sababu mtu fulani wizarani aliamua kuhesabu uzoefu. Programu ile imekwisha kufungwa. Mimi naona ilifungwa bila kuulizwa sawasawa ilitufundisha nini.

MKUFUNZI: Mama, naukubali mfano huo kwa mikono miwili, ila usisahau ile miaka miwili ya darasani. Na mtihani wake.

MAMA: Sijasahau, mwanangu. Nani amekuambia naogopa mtihani? Mimi ni mhudumu wa afya. Usiku zahanati yetu ina muuguzi mmoja, mikono ya pili ni yangu. Najua mama anayevuja damu kabla hajaanza kutetemeka, kwa sababu naangalia kanga. Kanga ya pili ikilowa, siulizi mtu, naita gari. Lakini nikitaka kusomea uuguzi naambiwa niwe na alama za Kemia, Baiolojia na Fizikia za kidato cha nne. Fizikia yangu ya mwaka 1998! Shule yetu haikuwa na mwalimu wa Fizikia. Mnanipima kwa kitu ambacho sikufundishwa, mnakiacha nilichojifunza.

Hizo kanga mbili zimekwisha kupimwa. Mwaka 2005 Mbaruku na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya huku Kigoma wakionyesha kwamba kanga mbili za kawaida zikilowa, damu imefika karibu nusu lita au imepita, na kwamba wakunga wa jadi waliweza kuitumia alama hiyo kujua ni wakati gani wa kuchukua hatua. Sayansi ilikwenda kwa wanawake wa vijijini, ikapima wanachokitumia, ikakipa namba. Kama ilifanyika kwa nusu lita ya damu, kwa nini isifanyike kwa anayeitazama damu hiyo?

MKUFUNZI: Kwa uuguzi sina la kusema, si fani yangu. Kwa ujenzi ninalo. Kijana, nikuulize hapa hapa?

FUNDI: Niulize.

MKUFUNZI: Nondo ya milimita 12, urefu wake mita 12. Uzito?

FUNDI: Kilo 10 na nusu hivi, inazidi kidogo. Tani moja unapata 93 au 94. Nimezishusha sana kwenye lori.

MKUFUNZI: Umeipata. Sasa kibaraza kinachotokeza ukutani, hakina nguzo mbele. Nondo kubwa unaziweka juu au chini?

FUNDI: Juu.

MKUFUNZI: Kwa nini?

FUNDI: Ndivyo tulivyofundishwa.

MKUFUNZI: Mmesikia? Hilo ndilo pengo. Anajua afanye nini, hajui kwa nini. Siku atakayokutana na kibaraza cha umbo jingine, ataua mtu.

AFANDE: Mpe nafasi. Kuruta ukimfokea hajibu.

FUNDI: Sijamaliza, Mwalimu. Nilipotoka kambini, kazi ya kwanza niliyoifanya mtaani ilikuwa kibaraza kama hicho. Fundi mkuu alizilaza nondo chini. Nikamwambia, akasema mimi ni mtoto. Tulipotoa mbao, ufa ukatokea juu, kandokando ya ukuta. Haukutokea kwenye ncha, haukutokea chini. Kibaraza kikiinama, zege la juu linavutwa, la chini linabanwa. Zege likibanwa linavumilia, likivutwa linapasuka. Ndiyo maana nondo inakaa pale panapovutwa.

MKUFUNZI: (baada ya kukaa kimya kidogo) Hilo ni somo la wiki mbili.

Nimeuweka mjibizano huu kwa urefu kwa sababu kila kitu kimo ndani yake. Swali la kwanza la "kwa nini" lilipata jibu la kambini. Swali lilelile, mtu alipopewa nafasi ya kupumua, likapata jibu la mhandisi. Kama lingekuwa kwenye karatasi, mtahini angeweka alama ya kosa na kufungua ukurasa. Na kama karatasi ingekuwa ya Kiingereza, hata jibu la kwanza lisingepatikana. Vyuo vyetu vya stashahada na shahada vinafundisha na kutahini kwa Kiingereza, wakati ujuzi wa kijana huyu wote, kuanzia amri za afande hadi ubishi na fundi mkuu, aliupata kwa Kiswahili. Kumpima zege kwa Kiingereza ni kumpima Kiingereza. Baada ya hapo akifundishwa Kiingereza anachokihitaji, sina ugomvi, vitabu vya uhandisi ndivyo vilivyo. Lakini siku ya kumuuliza anajua nini, aulizwe kwa lugha anayojulia.

AFANDE: Basi mwandikie cheti, Mwalimu, yameisha.

MKUFUNZI: Hayajaisha. Kijana, una boriti ya mita 5 imebeba ukuta. Nipigie hesabu ya mzigo na unene wa nondo.

FUNDI: Hiyo siwezi. Huwa tunaletewa michoro.

MKUFUNZI: Vizuri umesema siwezi. Ningekuwa na mamlaka, ningekusamehe uashi, vifaa vya ujenzi na kazi za karakana. Hesabu, michoro na nguvu za miundo ungekaa darasani mpaka mwisho, bila kupunguziwa hata siku.

FUNDI: Na ada?

MKUFUNZI: Ada ni ya chuo.

FUNDI: Ndilo swali langu, Mwalimu. Ukinisamehe masomo matatu ukanitoza ada ya yote, umenisaidia muda tu. Baba yangu anauza maharage. Anahesabu ada kwa magunia.

Kijana ana haki. Somo alilosamehewa mtu, na ada yake isamehewe. Chuo kitoze gharama ya kupima, basi. Najua wakuu wa vyuo watasema bajeti haitaki. Lakini chuo kinachomfundisha mtu anachokijua kinauza kitu ambacho mnunuzi anacho tayari, na anayelipa ni nyumba iliyouza chakula chake.

MAMA: Kuna watu hatujawataja. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko hapo tu, tangu 1996. Nduta ilifunguliwa tena 2015. Ndani kuna walimu, wakunga, mafundi cherehani, waashi. Watoto wao wamekuwa wakisoma mitaala ya Kongo na Burundi. Kwa nini hakuna hata mmoja kwenye benchi hili?

AFANDE: Kutoka kambini kunahitaji kibali, Mama. Ni sheria ya mwaka 1998.

MAMA: Najua ni sheria. Nasema ujuzi wao pia haujaandikwa.

MKUFUNZI: Mwenye cheti cha Bujumbura au Bukavu anaweza kukipeleka Baraza la Mitihani kikafanyiwa ulinganifu. Anayenisumbua akili ni yule ambaye cheti chake kiliungua na nyumba. Huyo hana cha kulinganisha. Amebaki na mikono na kichwa.

FUNDI: Kama mimi.

MKUFUNZI: Kama wewe, ila wewe unaweza kupanda basi. Na hata wewe, nauli ya kwenda kupimwa mbali, kulala siku mbili, kupoteza kazi za wiki, umekwisha kusema bora niendelee na vibarua.

AFANDE: Kwa hiyo mtahini ndiye apande basi. Kasulu kuna chuo cha maendeleo ya wananchi. Kibondo kipo. Vilijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wazima hasa. Karakana zipo. Mara mbili kwa mwaka jopo lije, likae wiki, lipime waashi, maseremala, washonaji. Na kijana wa kikosi cha Mtabila apimwe kabla hajavua magwanda, wakati kazi aliyoifanya bado imesimama na mnaweza kwenda kuigusa.

MKUFUNZI: Hapo, Afande, nakubaliana nawe kwa mara ya kwanza leo. Ila mtahini asiwe wa kikosi. Aliyekufundisha asikupime.

AFANDE: Sawa.

MAMA: Kijana amepata wa kumuuliza kwa nini. Mimi ataniuliza nani?

MKUFUNZI: Mimi siwezi, Mama, si muuguzi. Wanaoweza wapo, chuo cha uuguzi Kabanga ni hapo tu. Hawana kanuni inayowaruhusu kukupima na kukuhesabia.

MAMA: Basi tuiombe. Barua inakwenda kwa nani?

MKUFUNZI: Baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, nakala Baraza la Uuguzi na Ukunga. Andika na ya pili ya TCU, ya krediti. Na usianze na shida zetu. Anza na nani atalipa nauli ya mtahini kutoka Dodoma mpaka Kibondo, kwa sababu hilo ndilo watakaloulizana wao kwa wao kabla hawajafika aya ya pili.